Siku Chiku Alipochukuliwa

Rangwe, Jumamosi, Mei 1996

Mvua inanyesha tangu asubuhi na njia yote ya sokoni ni matope. Madaftari ya darasa la sita yako mezani. Sina moyo wa kuyasahihisha.

Leo nimesema uongo, na paka mwenyewe ndiye aliyeniumbua.

Zuhura alikuwa jirani yangu kwa miaka sita. Mume wake aliuza vitambaa hapa sokoni. Mwaka jana biashara ilidorora, wakafunga duka na kurudi kwao Mombasa na watoto watatu, masanduku na cherehani. Paka hakupata nafasi. Zuhura alimweka Chiku mikononi mwangu, akaniomba nimtunze mpaka amtume mtu.

Majuma ya kwanza Chiku hakunitazama. Alikaa ukutani akiielekea nyumba yao iliyotiwa kufuli. Nikimwekea dagaa wa omena, ananusa na kuondoka. Kisha jioni moja nilijifunga leso aliyoniachia Zuhura. Chiku akapanda mapajani, akaanza kuikanda kwa miguu ya mbele, polepole, kama anayekanda unga wa chapati, macho ameyafumba nusu. Sikuthubutu kusogea. Ugali ukaungua.

Tangu hapo akawa wangu. Nikirudi kutoka shuleni hunisugua kichwa miguuni kabla sijavua viatu. Mgeni akikalia kiti changu, humkodolea macho mpaka ahame. Ana kiburi, hapendi kubebwa. Lakini kila alfajiri huniwekea pua yake baridi shavuni. Tangu mama afariki, hakuna mwingine aliyewahi kuniamsha.

Wiki iliyopita barua ya Zuhura ilifika. Wamepata nyumba yenye ua, watoto wanamlilia Chiku, na binamu yake Salim, dereva wa lori la chumvi, angempitia leo.

Salim alifika saa nne na kikapu chenye kifuniko. Nilimpa chai, nikamwambia Chiku amepotea tangu Pasaka na nimemtafuta hadi nimechoka. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Kabla Salim hajamaliza kikombe, Chiku akatoka chini ya kitanda, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu. Akakinusa, akakisugua kwa shavu pande zote, akaingia ndani na kujikunja. Bila shaka kilitoka nyumbani kwa Zuhura.

Salim hakunicheka. Alimtazama paka, akanitazama mimi.

"Mwalimu, dada ataamini nitakachomwambia," alisema. "Amua wewe."

Nilipiga magoti kando ya kikapu, nikamkuna Chiku shingoni.

"Funika taratibu, kaka," nikasema. "Hapendi giza, mwachie upenyo."

Lori liliondoka kabla ya saa sita.

Nimelia mchana kutwa, na sasa najua si paka peke yake ninayemlilia. Mwaka mzima sikumwandikia Zuhura hata mstari mmoja, nikihofia atakumbuka kumtaka Chiku. Nilimshika paka, nikamwachilia rafiki.

Nimeanza barua. Nitamweleza kwamba nilitaka kumficha, bila kujitetea. Kisha nitamuuliza kama katika nyumba yao mpya kuna pa kulaza mgeni likizo ya Agosti.

Akikataa, atakuwa na haki. Lakini nitamuuliza.