Saruji Inashuka

Jumatatu, 12 Mei 2025

Imeshuka tena! Ijumaa ilishuka, nikasema basi, Jumatatu itakaa sawa. Haikukaa. Nimeangalia simu hata geti la fremu yangu ya duka sijafungua — nyekundu. Hisa moja ya saruji mwezi uliopita ilikuwa elfu mbili na mia nne. Leo elfu mbili na mia mbili.

Nimeuza nguo za watoto kama kawaida lakini akili haipo. Mama mmoja kaomba gauni la mtoto wa miaka minne, nikampa la mtoto mchanga. Kacheka. Mimi sikucheka.

Hela niliyoweka kwenye hisa ni ya kodi ya fremu. Hilo halijui mtu. Mzee Shaibu, mwenye jengo, anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, mwisho wa mwezi huu. Nilikuwa nimeshaitenga. Februari nikaona imekaa bure, nikanunua hisa za kiwanda cha saruji ili izae kidogo kabla ya kulipa. Machi ikapanda. Aprili ikapanda! Nikajiona mjanja wa Kariakoo nzima.

Ndipo nikamwingiza na Clotilda. Jirani yangu, anauza mapazia fremu inayofuata, mtu wa Mbinga. Habari za hisa hakuwa nazo kabisa mpaka nilipomwonyesha simu yangu. Kwa majivuno, niseme ukweli.

Jumanne, 13 Mei

Clotilda kaja na kiti chake cha plastiki kabla hata hajatundika mapazia.

"Mama Ummy, mbona saruji yetu inakufa?"

Yetu!

Nimemwambia haifi. Hajaridhika. Mumewe, Beno, ni fundi wa magari mtaa wa Gerezani, na mafundi wenzake wamemwambia hisa zikishuka hivi ujue wakubwa wameshakimbia. Nikamuuliza hao mafundi wana hisa? Hawana. "Lakini wanajua mambo," kasema.

Jioni nimesimama barabara ya Msimbazi kungoja kuvuka, lori la saruji likapita, nyuma yake jingine. Mji mzima watu wanajenga, kila kona kokoto zimemwagwa. Sasa bei ya hisa inashuka kwa nini? Duka lenye wateja linashukaje thamani? Sielewi. Nimechoka kutoelewa.

Jumatano, 14 Mei

Nimefunga fremu mchana, nimeenda mjini Posta kwa broka wa hisa. Kuna binti anaitwa Jacqueline ndiye anayetushughulikia mimi na Clotilda. Mpole, anaeleza bila kumdharau mtu.

Anasema kiwanda hakina tatizo. Wengi walinunua kwa ajili ya gawio, ile faida ambayo kiwanda kinawagawia wenye hisa, na orodha ya watakaolipwa gawio imeshafungwa. Sasa wanauza, wanatoka na hela zao. Halafu bei ilikuwa imepanda haraka mno, kwa hiyo wengine wanachukua faida yao tu. "Ikishuka hivi mara nyingi inarudi, mama. Ila lini, hapo hakuna anayejua. Wiki mbili. Miezi minne."

Nikafikiria makontena ya nguo. Wafanyabiashara wengi wakishusha mzigo wa aina moja kwa pamoja, gauni la elfu ishirini linauzwa elfu kumi na mbili. Gauni ni lile lile, uzi ule ule. Mzigo ukiisha sokoni bei inapanda tena. Ah! Nimeelewa! Nikapata raha, kweli kabisa.

Halafu kauliza, "Hela hii unaihitaji lini?"

"Ah, ni ya kukaa tu."

Kwa nini nimemdanganya? Binti wa watu hakuniuliza kwa ubaya. Niliona aibu, nadhani. Nimerudi kwa miguu, nimekatiza Mnazi Mmoja, kichwani linazunguka neno moja tu. Miezi minne.

Ijumaa, 16 Mei

Elfu mbili na sitini.

Baada ya swala Mzee Shaibu kapita na kanzu yake. Shikamoo, marahaba, mtoto hajambo. Halafu kaangalia kuta za fremu kama mtu anayepima. Kasema kuna kijana muuza simu na chaja anaitaka, yuko tayari kulipa leo leo. "Lakini wewe mwanangu ni mpangaji wangu wa siku nyingi. Nakusubiri mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo utanisamehe."

Nikasema inshallah. Alipoondoka nikakaa chini, nyuma ya magauni yanayoning'inia.

Nimeweka oda ya kuuza. Zote. Kwa elfu mbili na hamsini.

Abbasi sijamwambia. Najua mume wangu: atasema si nilikwambia. Na wala hakuniambia! Alikaa kimya, akafurahi ilipopanda.

Jumamosi, 17 Mei

Clotilda hakulala. Uso umevimba. Wamegombana na Beno, Beno anataka wauze Jumatatu asubuhi.

Kanishika mkono. "Niambie ukweli, Mama Ummy. Wewe ungekuwa mimi ungeuza?"

Nikampa yote ya Jacqueline. Gawio, watu wanaochukua faida, nikaongeza na makontena yangu. Nimeongea vizuri! Hata mteja wa mapazia akasimama kunisikiliza. Clotilda rangi ikamrudi.

"Kwa hiyo nitulie?"

"Tulia. Huna haraka na hela hiyo. Usiuze kwa hofu."

Maneno yote ya kweli. Nimeyapitia tena hapa, sioni la uongo hata moja. Ila yangu mimi iko kwenye foleni ya kuuzwa, na angeuza na yeye tungegombania wanunuzi. Hilo nalo nililifikiria. Wakati ule ule amenishika mkono. Sijui nilimtuliza kwa faida yake au kwa faida ya foleni.

Jumatatu, 19 Mei

Haijauzwa! Wauzaji wamejaa, wanunuzi hakuna. Sikujua kama hisa nazo zinaweza kudoda.

Nimempigia Jacqueline. "Ukitaka itoke upesi, teremsha bei, mama." Hakuuliza kwa nini nauza hela ya kukaa tu. Afadhali angeuliza.

Nimeteremsha. Elfu mbili kamili. Hapo faida yote imekwenda na kidogo cha mtaji. Nitajazia kodi kwa mauzo ya wiki hii. Nikiyapata.

Clotilda leo anaimba huko kwake.

Jumanne, 20 Mei

Bado. Nimeangalia simu mpaka chaji imeisha.

Jumatano, 21 Mei

Asubuhi Clotilda hakufungua. Nikajua wamegombana tena. Saa tano kasorobo huyo — kitenge kipya, vitumbua mkononi, anacheka peke yake.

Jana alipokea mchezo wake, ule wanaochangiana wanawake wa mapazia. Alikuwa aagize mzigo. "Nikakumbuka maneno yako, shoga yangu. Usiuze kwa hofu. Nikasema, mimi sitauza — mimi naongeza!"

Kaenda Posta mwenyewe. Peke yake! Yeye ambaye Februari hakujua hisa ni nini. Jacqueline kamwonyesha kwenye kompyuta bei za wanaouza, na kuna mmoja wa chini kuliko wote, elfu mbili.

"Mtu mwoga huyo, sijui nani! Nimechukua zake zote."

Nikiwa na kitumbua mdomoni simu ikalia, ujumbe umeingia. Ilikuwa mezani, katikati yetu. Oda yako ya kuuza imekamilika. Nikaigeuza kifudifudi. Hajaona. Nafikiri hajaona.

Kodi imepatikana, imebaki kujazia kidogo. Nilitaka kusema alhamdulillahi, nikatafuna kitumbua.

Nimemwambia nakuja, natafuta saizi huku ndani. Naandika nimeinamia boksi la soksi. Ikipanda, atashukuru na mimi nitakuwa nimejipunja. Ikishuka — hela ya mchezo, na Beno vile alivyo... Hata dua sijui niombe ipi. Ningeweza kumwambia sasa hivi. Ni hatua chache tu hapo mbele. Lakini nianzie wapi? Nianzie Jumamosi, mkono wake kwenye wangu?

Yuko hapo mbele, kakaa kwenye kiti changu, ananiuzia gauni kwa mteja, na bei anaipatia. Anaita.

"Mama Ummy! Na wewe unaongeza lini? Twende kesho wote, kabla haijapanda!"

Nimesema nakuja.

Anaita tena.