Sufuria niliyomwaga ku maji ya Kavira

Alhamisi, Beni, ku mutaa wa Beu. Jua limetoka mapema na joto tayari iko ku ukuta. Mimi mutu wa Butembo, kule asubuhi tunavaa makoti. Huku ninatoka jasho nikikaa tu. Mais leo silalamiki. Leo roho yangu iko nyeupe, na aibu kidogo imekaa pembeni yake.

Niandike kwanza aibu, ipite.

Juzi Kavira, mutoto wangu wa mwisho, alizaa uzazi wake wa kwanza ndani ya maji. Ndiyo, ndani ya maji, sawa samaki. Alinipigia simu mwezi uliopita: "Mama, ku maternité ya huku bako na bassin ya kuzalia ndani ya maji, bamenikubalia." Nilimukaripia mpaka simu ikazimika. Mimi nilizaa nane ku Kasugho, kijijini, juu ya majani ya ndizi, na hakuna hata mumoja aliyeomba maji! Nikapanda gari kuja kumuzuia, jogoo mapajani.

Nikamukuta muzalishaji, Mama Kanyere. Mama ya nini! Ni rika ya mutoto wangu wa tatu. Nikamuuliza kama maji njo itasukuma pa nafasi ya Kavira. Hakukasirika. Akasema maji ya vuguvugu inalegeza mugongo, uchungu unapungua, muke anageuka vile anataka. Akasema na ubaya wake bila kuficha. Mwenye tension ya damu, mwenye mapacha, mwenye kupasuliwa zamani, hapana ingia. Ndani ya maji damu haipimiki vizuri. Maji ikiwa chafu, ni ugonjwa. Ikiwa moto sana, mutoto anateseka tumboni. Na mambo ikiharibika, muke anatolewa mara moja, hapana bishana.

Nilisikia yote. Ile ya moto, nikaiacha ipite ku sikio lingine.

Mutaniuliza juu ya nini niliiacha ipite. Kwetu maji ya muzazi ni ya moto. Akishazaa, unamukanda tumbo na kitambaa kilichotoka ku sufuria, analia, unamukanda tena. Mama yangu alinikanda vile, na mimi nimekanda mabinti na bakamwana bangu wote. Ukimupa muzazi maji ya vuguvugu, jirani banasema humupendi.

Uchungu ulipofika, Kavira aliingia ndani ya bassin saa tatu ya asubuhi. Alikuwa analia, mara akanyamaza. Akalaza kichwa ku ukingo: "Mama, uchungu wa mugongo umeniacha." Nikagusa maji. Baridi! Kwangu mimi ilikuwa ya kunawa mikono. Mama Kanyere alitoka kidogo kuleta vitambaa, na sufuria yangu ya kumukanda ilikuwa inachemka inje, ku mbabula, jiko ya makala. Nikaibeba, nikaimwaga upande wa miguu.

Sufuria nzima. Kwa mapendo.

Kavira akaanza kusema kichwa inazunguka. Muzalishaji akarudi, akaweka chombo yake ku tumbo, akasikiliza mapigo ya roho ya mutoto. Sura ikamubadilika. "Inakimbia sana." Akatumbukiza termometre, ikapanda mpaka thelathini na tisa. "Trente-neuf! Nani ameongeza maji?"

Nikaangalia ukuta.

Ningeweza kunyamaza. Kavira alikuwa amefunga macho, hakuniona. Mimi ninayekaripia hata bazee ba kanisa, nijishitaki mbele ya mutoto wa juzi? Mais roho ya mujukuu wangu ilikuwa inakimbia kwa sababu ya sufuria yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Sufuria nzima."

Hakunitukana. Tukamutoa Kavira, akakaa, akanywa. Mama Kanyere akapunguza maji, akaongeza baridi, akasikiliza, akasikiliza tena. Niliomba Mungu kwa Kinande, luga ya kwetu, Kiswahili yote ilinikimbia. Halafu akapumua: imetulia. Akamurudisha Kavira ndani, na ile termometre akaiweka mukononi mwangu, akaniita koko, vile bajukuu banaita bibi.

"Koko, namba unajua?"

"Namba? Nilisoma mpaka darasa ya pili primaire, weye!"

"Basi kaa hapa. Trente-sept, thelathini na saba, hapana pita. Ikipanda, gombana."

Kavira akacheka katikati ya uchungu: "Umepata mutu wa ile kazi!"

Sikutoa macho ku termometre tena. Mutoto akatoka pole pole, akainuliwa juu ya maji palepale, akawekwa ku kifua, akalia. Kavira hakupasuka hata kidogo. Kondo ya nyuma aliitolea ku kitanda, pale damu inaonekana. Binti wa kwanza, donc jina ni Masika, vile tunaita kwetu.

Basi nyinyi banamuke munaosoma: hapana mujaribu ku nyumba ndani ya beseni ya kufulia! Bila muzalishaji, ile si kuzaa, ni kucheza. Na nyinyi bakoko wenzangu, sufuria ibakie inje.

Mama Kanyere nilimupa jogoo. Alifurahi. Mais jogoo ilikuwa njia ya kukimbia. Neno lenyewe sikulisema.

Leo nimemuosha Masika. Nimepima maji na kiwiko mara tatu. Nikawaza nane bangu: bangapi niliwaunguza kwa mapendo, na nani alikuwa pale wa kuniambia trente-sept?

Kesho asubuhi Mama Kanyere anakuja kuangalia kitovu ya mutoto. Nitasimama ku mulango, nitamuita Mama bila kumucheka, nitasema wasingya. Njo aksanti ya kwetu, na jogoo hawezi kuisema pa nafasi yangu.