Mbuke na Shule ya Wachache

Mhunze, Kishapu
Januari 1979

Kwa mwanangu Theonest,

Shikamoo yako nimeiitikia hapa mlangoni, marahaba, ingawa uliiandika kama mtu anayekimbilia gari. Wewe na mkeo Coletha mmeamkaje huko Geita? Watoto wanakula? Mimi nipo. Goti linauma, mvua imekataa, pamba imeota nusu shamba. Naandika kwa mkono wangu, kisomo cha watu wazima hakikupotea bure, kwa hiyo herufi zikilala usicheke.

Umeniuliza kama shule ile ya sayansi ya wasichana, inayochukua wachache, inamfaa binti yako. Umesema wenzako wa jineri, hicho kiwanda chenu cha pamba, wamekuambia huko watoto wanasomeshwa hesabu mpaka wanaugua, bora asomee ualimu hapa karibu. Theonest, hao wenzako wa jineri ndio waliomlea Mbuke? Wewe mwenyewe ulimleta kwangu alipoacha ziwa, ukasema mjukuu wa kwanza ni wa bibi, akakae na bibi amtume. Tangu hapo unamjua kwa picha. Basi nisikilize mimi.

Mtoto huyu jikoni ni hasara. Ugali unaungua, yeye anatazama mvuke unavyoinua mfuniko. Sikukuu tulipochinja mbuzi, wenzake walingoja nyama, yeye akapasua tumbo la mbuzi ajue kwa nini lina vyumba vinne. Uchafu wote ukamwagikia maini. Nikamchapa. Akalia, kisha akauliza tena.

Nilikwenda kwa mwalimu wake, Stanslaus, nikamwambia asinifiche kitu. Akasema Mbuke si mwepesi, wapo wanaomaliza hesabu kabla yake, ila yeye likimshinda haendi nyumbani. Akasema pia kwamba huko wanakutana watoto waliokuwa wa kwanza makwao, na lazima mmoja awe mkia. Nikamuuliza Mbuke itakuwaje mkia akiwa yeye. Akanijibu kwamba hata wa mwisho anaruhusiwa kuchungulia hadubini, kile chombo cha kukuza vijidudu. Hapo nikaona shule inamfaa.

Lakini mwenyewe akakataa kwenda. Hesabu hakuziogopa. Alitaka kujua nani atanichotea maji lamboni, nani atanitungia uzi kwenye sindano, na nani nitamgombeza. Nikamwambia jirani Paskalina yupo, anastahili kugombezwa. Hakucheka. Akatoa nguo zake sandukuni, akazirudisha kambani.

Ndipo nikasema jambo ambalo inafaa ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake. Nilimwambia umeniandikia kwamba unakuja kunichukua nikaishi kwako, chumba kipo, Coletha amekwisha kutandika kitanda. Akanitazama sana. Nikaapa kwa jina la babu yake, Mungu anisamehe. Akapanga nguo zake upya, na Jumatatu nikampandisha basi la Shinyanga pamoja na mwalimu. Hakugeuka kutazama. Alijua nyuma yake haachi mtu.

Sasa usije ukamwambia Coletha kwamba mama anaomba. Siombi. Nyumba ninayo, na michembe, viazi vyangu vya kukausha, ipo ya kunifikisha kwenye mavuno. Ila barua zangu ataziandika kwa anwani yako. Mjibu kwamba nipo hapo, nakula vizuri, na mkeo namsumbua. Halafu za kwake nitumie huku, usizikalie. Jana nimemwita Mbuke alete moto, kisha nikaenda kuuleta mwenyewe. Nyumba hii sikujua ni kubwa hivi.

Wasalimie wajukuu zangu, uwaambie bibi yao ni mkali lakini mzima. Coletha naye asalimiwe, na asiniharibie uongo wangu.

Ni mimi mama yako,
Generosa binti Bujiku,
ambaye mtu akiuliza, yupo kwako Geita.