Majibu Yangu Nilimpa Dada

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisikilize kwanza halafu unigombeze, maana najua nitagombezwa.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali, mwembamba kiasi kwamba nyumbani wananiita Sindano, na dada yangu anayenitangulia kwa miaka miwili, fundi cherehani, ni mnene kwelikweli, na tangu utotoni mimi ndiye ninayemsimamia sahani kama askari wa zamu huku mwenyewe nikijilia vya kukaanga nipendavyo kwa sababu sinenepi.

Basi nikamwambia aje nimpime mafuta ya damu, akasema, "Kama ni kuchomwa tuchomwe wote, Sindano," nikamtoa damu, mwenzangu akanitoa mimi, na kwa soga na vicheko vichupa vyote viwili nikaviweka mezani bila majina, jambo tunalokatazwa tangu siku ya kwanza kazini, kwamba jina liandikwe mgonjwa akiwa bado kitini. Nikaandika baadaye. Majibu yakatoka: chenye jina langu mafuta mabaya yamepita kiwango mara mbili, cha dada safi kabisa, nami sikuwaza hata dakika moja, nikasema hapa nimechanganya vichupa, nikabadili majina, nikampa dada karatasi ya majibu mabaya kama yake.

Huu mwezi na nusu dada anakula mara moja kwa siku, na wiki iliyopita kizunguzungu kilimlaza juu ya cherehani, sindano ikamtoboa kidole. Nikiwa namfunga bandeji akaniambia, "Endelea kunisimamia, mdogo wangu, nisije nikafa kama baba." Baba yetu alikufa ghafla kwa moyo, miaka arobaini na mbili tu, mwembamba kama mimi. Maneno yale yalinichoma. Kesho yake nikatolewa damu upya, safari hii jina likiandikwa palepale, na majibu ni yaleyale mabaya, ni ya kwangu. Karatasi iko mfukoni mwa koti langu la kazi wiki nzima sasa. Naona aibu na naogopa. Je, nikimwambia tu kwamba amepona, si atarudi kula yaishe?

Sindano

Marahaba, Sindano.

Pole. Sasa kaa vizuri nikugombeze. Kusahau kuandika jina ni uzembe, na unajua hivyo. Lakini kosa kubwa ulilifanya baadaye. Ulipotilia shaka majibu, dawa ilikuwa kutoa damu upya. Wewe ukatazama kiuno cha dada yako, ukamhukumu kwa macho. Una mashine ya kupimia, binti!

Sisemi uzito si kitu. Madaktari wanauangalia, na wanene wengi damu yao huwa na shida. Wengi, si wote. Na wembamba si cheti cha afya: kuna mafuta ya damu ambayo mtu anayarithi kwa mzazi, awe na mwili au asiwe nao. Umeandika mwenyewe kwamba baba yenu alikuwa mwembamba kama wewe, halafu ukapita mbio. Rudi usome mstari huo.

Habari ya "umepona" ifute kabisa. Ukimwambia hivyo ataamini ni njaa iliyomponya, na ataendelea nayo mpaka siku aanguke pabaya zaidi.

Nenda kwake leo ukitoka kazini. Mkute akiwa amekaa, cherehani imezimwa. Usianze kwa kulia, maana atakubembeleza na hutasema kitu. Anza hivi: "Majibu yale yalikuwa yangu." Mpe karatasi, mwombe radhi, kisha hakikisha anakula. Kesho mkuu wa maabara asikie habari hii kutoka kinywani mwako, na dada apimwe tena na mtu mwingine, jina kwanza, kisha amwone daktari kwa hicho kizunguzungu. Na wewe umwone daktari wiki hii hii, umtajie baba yako na umri aliokufa. Ugonjwa huu una matibabu, ila hautibiwi mfukoni mwa koti.

Dada atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Akitulia, mwombe akusindikize hospitali. Mwezi na nusu amebeba hofu ambayo ni yako. Nenda kampokee.