Uji Niliomwagia Mpapai

Urambo, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Kabla ya yote, anayekusomea barua hii awe Zubeda, asiwe Bakari. Kaka Bakari, kama ni wewe uliyeishika, shikamoo, niwie radhi, mpe mdogo wetu. Humu mna mambo ya kike. Na wewe Zubeda, soma polepole na ufunge mlango wa uani, maana jirani zetu hapo Pangani nawajua kwa masikio.

Mama, goti linaendeleaje? Bado unalikanda kwa maji ya moto, au umeshachoka kama kawaida yako? Mimi nipo, Mungu ashukuriwe, ila nikisema sijambo kabisa nitakuwa nakudanganya. Moyo wangu haujatulia, na huku sina wa kumwambia.

Kifurushi chako kimefika salama kwa treni. Halua haikupondeka hata pembe moja. Niliifungua, nikainusa, nikaanza kulia. Mama, nimekatazwa hata kuilamba.

Unakumbuka nilikuandikia habari za kifua na sindano nilizochomwa? Kifua kilipona, lakini nyuma yake likaja jingine. Ulimi ulifanya utando mweupe, chakula hakina ladha, tumbo likajaa gesi, na kuwashwa kukaanza pale ambapo Zubeda hana haja ya kupasoma kwa sauti. Nikapanda treni hadi hospitali ya mjini Tabora. Daktari ni mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alinimulika kinywani akasema ni fangasi. Dawa za kifua zimeua wadudu wabaya na wazuri kwa pamoja, sasa fangasi wamebaki na nyumba peke yao. "Wanapenda utamu hao," akaniambia. "Ukiwalisha hawaondoki."

Akanipa dawa ya rangi ya zambarau ya kupaka mdomoni, nikicheka naonekana kama mtoto aliyetoka kuiba matunda. Kisha akanikataza sukari, asali, mkate, matunda matamu, viazi vitamu na pombe, kana kwamba mimi mnywaji! Akasema nishike mayai, nyama, samaki, mboga za majani, maziwa ya mgando yasiyotiwa kitu, na ugali wa mtama kidogo tu, mpaka kinywa kitakate.

Aliposema sukari nilicheka. Sukari yenyewe siku hizi tunaisikia jina. Ikiletwa duka la ushirika, mwenye mbio ndiye anayeipata. Lakini asali, mama! Huku Unyamwezi asali ndiyo heshima ya mgeni, ndiyo dawa, ndiyo zawadi ya mkwe. Na viazi vitamu wanavichemsha, wanavikatakata, wanavianika, wanaviita matobolwa, na ukiwa na njaa mchana ndivyo unavyotafuna na karanga. Sasa mtu asiyekula asali wala matobolwa huku anakula nini?

Ramadhani yuko Mwanza kwenye kozi ya walimu, mpaka mwisho wa mwezi. Nimebaki na mama mkwe wangu, Bi Kalunde. Na tangu tuhamie kijiji hiki kipya nyumba zimepangwa mistari, mlango unatazamana na mlango. Anayetutazama sisi ni Shangazi Nyamizi, dada wa marehemu baba mkwe. Ukikohoa huku, kule anakuuliza umekula nini.

Siku ya kwanza niliposukuma sahani ya matobolwa, nikamwambia mama mkwe kwamba daktari amenikataza vitamu. Alinitazama weee, kisha akacheka.

"Daktari gani anamkataza mtu asali? Mwanangu, anayekukataza si daktari. Yuko tumboni."

Shangazi alikuwa mlangoni. Vigelegele alivyopiga, nadhani hata stesheni walivisikia. "Mke wa mwalimu hayuko peke yake!" Wanawake wakatoka na miko mikononi. Nikafungua kinywa niseme jamani siyo, nikamwona mama mkwe anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Huu mwaka wa nne tangu nije huku, na wewe unajua jinsi shangazi huyo anavyomtajia Ramadhani binti fulani wa huko Choma, mpole, mwenye kizazi. Nikanyamaza. Nikasema nitasema kesho.

Kesho yake kikapu cha mayai hakipo! Mjamzito huku hapewi mayai, eti mtoto atazaliwa kipara. Kuku wangu mwenyewe, mama, wanataga na mimi nawasikia wakitangaza, na siruhusiwi kuwakaribia. Badala yake kila asubuhi naletewa bakuli la uji wenye asali nzito, na shangazi amekaa kibarazani anahesabu mafunda. Daktari ananikataza huku, mimba isiyokuwepo inanikataza kule. Nyama, samaki na maziwa huku havipatikani kila siku, nikabaki na mlenda na maji ya kunywa. Nimekonda, khanga inanizunguka mara mbili, na shangazi anasema, "Mimba changa ndivyo ilivyo."

Nikawa napokea uji, nashukuru, naugusisha mdomoni mbele ya shangazi, kisha naingia nao uani, namwagia shina la mpapai. Nilijiona mjanja.

Alhamisi tumerudi kutoka shamba la kijiji, mama mkwe akaniita uani. "Mwanaidi, njoo utazame." Kwenye shina la mpapai sisimizi walikuwa wamejipanga kama watu wa foleni ya sukari. Nikajua leo ndiyo leo, narudishwa Pangani na sanduku langu.

Akanishika mkono, tukaingia jikoni, akafunga mlango.

"Mama," nikamwambia, "nisamehe. Mimba sina. Naumwa fangasi, haki ya Mungu, si visingizio."

"Najua."

"Unajua nini mama?"

"Najua huna. Wiki ile ile uliona siku zako. Vitambaa umevianika nyuma ya choo, unafikiri mimi sina macho?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuninywesha asali mbele ya watu.

Akakaa kwenye kigoda, akachokoachokoa moto. "Nyamizi amenyamaza," akasema. "Tangu siku ile, umemsikia akitaja binti wa Choma? Hata mimi nimelala vizuri. Nilimsubiri mume wako miaka mingi, Mwanaidi, na mama mkwe wangu hakuninyamazia hata siku moja. Hata nikiwa kisimani alinifuata kuniuliza. Nikasema wewe wacha upumzike kidogo. Sikujua kama unaumwa kweli. Nilidhani unaringa na asali yetu."

Mama, nililia mpaka kamasi. Na yeye alilia, ila yeye hulia kimya, unaona mabega tu. Kisha akainua chungu kilichofunikwa pembeni, akatoa mayai mawili, akayachemsha na chumvi. Nilikula amesimama mlangoni, mgongo umeuziba mwanya, anachungulia kibarazani kwa shangazi. Nilipomaliza akasema, "Lete maganda." Akayafukia kwenye majivu, akayasawazisha kwa mguu.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Utando unapungua, ulimi umeanza kuijua chumvi. Lakini hofu haijapungua. Mimba haifichiki, na kukosa mimba nako hakufichiki. Shangazi amemtuma dereva wa lori la tumbaku ampelekee Ramadhani habari njema. Nimemwandikia Ramadhani naye barua leo kumwambia ukweli. Nimeichana, nimeiandika tena. Naogopa habari ya dereva itamfika kwanza, atanunua nguo za mtoto na hela yake ya kozi. Naogopa uso wake. Niombee, mama, na usinitumie kitu kitamu mpaka nikuambie. Nitumie samaki wa ng'onda na vitunguu saumu.

Nisalimie kaka Bakari na wifi, mjomba fundi cherehani, bibi pale ng'ambo ya mto, na mwalimu wangu wa chuo. Wakiniulizia, waambie Mwanaidi mzima, basi.

Halua anaila mama mkwe, kipande kila jioni, anafumba macho. Amekaa hapa kando yangu nikiandika. Nimemuuliza nikuambie nini kutoka kwake. Amefikiri sana, halafu akasema: "Mwambie mama yako, binti yake anakula."

Mimi mwanao,
Mwanaidi