Tiyo ya Gesi na Haya ya Bukwe

Jumatatu, 2 Juni

Gesi imefika! Blanchard, mutoto wangu wa Kigoma, amenitumia chupa kubwa na jiko la meza. Vimevuka ziwa bila kuibiwa. Daktari alisema moshi ya makala inanimaliza kifua. Na binti yangu Fanny akadakia papo hapo: Mama, usipoacha mbabula, jiko hilo la makala, utahamia kwetu. Kwao! Kwa mukwe wangu Cyrille, nyumba ya vyumba viwili! Mimi na yeye njo bukwe — hatuangaliani uso, hatusemezani, akiniona njiani anaingia kwenye mihogo ya watu. Sasa nikaishi kwake? Nikienda chooni nipige ngoma kwanza? Hapana! Gesi iwake hapa hapa.

Chupa ikae nje, jiko ndani, tiyo, bomba la kuleta gesi, ipite ukutani. Nani ataipitisha?

Jumanne, 3 Juni

Toussaint, fundi wa gesi, amekuja. Ameangalia ukuta wangu kama anataka kuuposa. Dola themanini! Nikamuuliza: hiyo ni kazi ya tiyo ao mahari? Anasema gesi haichezewi, Mama, ukikosea utamusalimia marehemu bwana yako. Nimemupa chai na mikate, amekonda sana yule. Kiisha nimemufukuza.

Cyrille anajua gesi, alikuwa anafunga kwenye hoteli moja kule Kigoma. Na yeye ni bure. Lakini mukwe hakanyagi jikoni mwa mama mukwe mpaka alete mbuzi ya kufungua mulango. Tangu amuoe Fanny, hata mukia wa mbuzi sijaona.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamua. Tutajifanyia wenyewe! Cyrille nje, mimi ndani, Fanny katikati anabeba maneno. Darasani sikukaa hata siku moja, herufi hizi ba mama wa parokia wamenifundisha nikiwa na mvi tayari. Nati ndiyo itanishinda?

Ijumaa, 6 Juni

Aibu!! Cyrille ametoboa ukuta. Tundu limetokea juu ya sahani zangu, vumbi mpaka ndani ya bukari, ugali wangu wa mchana. Nikainama nichungulie kama limenyooka — jicho! Jicho la mukwe wangu, kubwa, nalo linachungulia huku! Nikapiga kelele. Yeye akapiga kelele, akatupa nyundo, akakimbia mpaka barabarani. Fanny ameanguka chini kwa kicheko, mutoto mubaya yule.

Tukaendelea, mimi kitenge kichwani: tiyo ikapita tunduni, nikashika nati ya kuifunga kwenye jiko. Fanny analeta maneno ya bwana yake: anasema zungusha kuume. Kuume kwa nani? Yeye anatazama huku, mimi natazama kule! Akaenda, akarudi: anasema zungusha kuelekea ziwa. Nimezungusha kuelekea ziwa kwa nguvu zangu zote.

Jumamosi, 7 Juni

Fanny ameenda soko, kesho ni Pentekoste. Cyrille hakumungoja. Amefungua chupa, mimi nikapaka povu ya sabuni kwenye nati nione kama gesi inavuja, vile Fanny alinielekeza. Povu ikavimba! Ikapasuka, ikavimba tena. Harufu ya yai bovu. Nikapiga sufuria na mwiko: funga! funga! Akafunga robine ya chupa.

Ziwa hilo! Nilikuwa nafungua, sifungi. Nimezungusha upande mwingine, mikono imekataa.

Nje akakohoa. Nikakohoa. Kiisha sauti tunduni: Ukuta, mwambie Mama, nati hiyo inaomba mukono wa mwanaume.

Nami nikaiambia sufuria: mwambie huyo muntu, mulango wangu, anajua bei yake.

Nikajuta, jamani. Mutoto wa watu amekula vumbi kwa ajili ya kifua changu. Nikafungua kinywa nimwambie ingia tu — nyuma ya choo kitu kikalia: meee!

Ukuta, anasema, mwambie Mama iko pale tangu jana. Nilitaka kuileta, kiisha jicho likanikimbiza.

Mbuzi! Dume, na mafuta yake! Toussaint aliomba themanini. Mbuzi kama ile sokoni inapita dola mia. Njo bure yangu hiyo, na faida juu!

Nimekaa kwenye kigoda, kitenge kichwani, naandika kwanza. Nati bado inangoja. Yuko mulangoni. Amevua viatu. Anakohoa tena. Sijui nianze na karibu, mutoto wangu — ao nianze na: pangusa kwanza miguu.