Ini Nililolitupa Ndooni

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana leo sina subira hata kidogo. Nimefaulu! Nimefaulu, baba, na safari hii ni kweli.

Kwenye hilo la "safari hii" ndipo ninapokuomba radhi. Uliponipigia simu kuuliza mtihani wa vitendo hapa chuoni umekwendaje, nilikuambia nimefaulu. Nilikudanganya. Nilikuwa nimefeli, tena kwa kitu nilichojifunza kwako.

Ngoja nikueleze, najua utacheka. Kila mwanafunzi alipewa mbuzi aliyekufa, ampasue aonyeshe kilichomuua. Wenzangu hata kisu hawakujua wakishikeje. Mimi, binti wa Mzee Mhina mwenye bucha, niliyekushikia miguu ya mbuzi tangu sijaanza shule, nikajiona nimepewa mtihani wa watoto. Nilimfungua yule mbuzi bila kutoboa utumbo hata mahali pamoja. Kufika kwenye ini, nikaona upande mmoja umekakamaa, mirija imevimba, imejaa minyoo bapa kama majani. Na mkono wangu, baba, haukuniuliza. Ulifanya kile ulichozoea kufanya buchani kila asubuhi: ukakata pale pabaya, ukatupa kwenye ndoo ya uchafu, ukasuuza lililobaki na kulipanga mezani likiwa safi kabisa. Ndoo ikachukuliwa pamoja na nyingine zikamwagwe shimoni. Madam Stella, mwalimu wetu wa anatomia, akasimama mbele ya meza yangu.

"Rehema, mchuzi umetuandalia. Ugonjwa uko wapi?"

Darasa zima lilicheka. Nikapewa sapu, mtihani wa kurudia, na nikifeli hiyo ndio basi, narudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa ningekuambiaje? Wewe uliyekuwa ukibishana na wazee wa kwetu Kabuku kila walipokuuliza tangu lini mwanamke akashika kisu. "Kuchinja nachinja mimi," ulikuwa ukiwajibu. "Yeye anapasua. Kupasua ni elimu." Nikashindwa. Nikasema nimefaulu, nikakusikia unavyocheka, kisha nikakusikia ukimtangazia mteja aliyekuja kununua nusu kilo. Mama aliniambia jioni ile hata wasafiri waliosimamisha gari barabarani kununua mishikaki walipewa habari za daktari wako wa mifugo.

Wiki mbili baadaye kifua kikakubana, ukatutoka.

Msibani watu walinishika mkono, "Pole daktari, pole sana daktari." Niliinamisha kichwa wakadhani ni uchungu tu. Uchungu ulikuwepo, baba, Mungu anajua, bado upo. Lakini aibu ilikuwa imekaa juu yake. Tulikuzika na uongo wangu na sikuwa na namna ya kuutoa.

Nilirudi chuoni Korogwe nikiwa sina nguvu ya kusoma. Aliyeniinua ni Mwanaidi, mtoto wa shangazi, unamjua alivyo na maneno. Anasomea uuguzi hapo mjini, na ndiye niliyekuwa nakaa naye chumbani. Yeye alikuwa ananoa anatomia ya binadamu, mimi ya ng'ombe, basi tukawa tunaulizana. Siku moja mchana aliniambia nilale chali mkekani, akanichora tumboni kwa kalamu ya wino. "Hapa ndipo kilipo kiwambo, ukuta unaotenga tumbo na kifua. Tumbo liko chini, moyo umekaa juu yake. Ni majirani hawa, wanasikilizana kila kitu." Wino ule ulinikaa siku tatu, lakini somo liliniingia. Nami nikamfundisha kwa figo za mbuzi nilizonunua sokoni, kisha tukazikaanga tukala. Nadhani ni mara ya kwanza mtu kula madaftari yake.

Siku ya sapu walileta ng'ombe mzima, jike la mfugaji mmoja wa Magoma. Alikuwa amekonda, akavimba shingo, akafa. Tulikuwa wanne wenye sapu, tukaambiwa kila mmoja atakagua kwa zamu na kuandika jibu lake, bila kuondoa kitu mahali pake. Wenzangu watatu walitangulia, nikawaona wanahangaika na mapafu na ini. Ilipofika zamu yangu nilikukumbuka ulivyokuwa ukiingiza vidole taratibu kwenye lile tumbo lenye vyumba kama sega la nyuki kabla ya kuliosha, kwa sababu msumari ulishawahi kukuchoma humo. "Mkono kwanza, kisu baadaye," ndivyo ulivyokuwa ukisema.

Nikatanguliza mkono. Nikapapasa chumba kwa chumba, polepole, na pale ukuta unapoelekea mbele kitu kikanidunga glavu. Waya, baba! Kipande cha waya wa kufungia marobota ya mkonge, kimetoboa tumbo, kimepita kiwambo, kimeelekea moja kwa moja kwenye moyo. Nikagusa mfuko wa moyo, umejaa usaha. Majirani wa Mwanaidi hao!

Mkono ukataka kuvuta waya utoke. Nikauzuia kwa mkono wa pili, nakuapia. Nikauacha ulivyo, na usaha wake na uchafu wake wote, nikaita kwa sauti ambayo mpaka kina mama wa jikoni waliisikia: "Madam, njoo uone kilichomuua!"

Aliinama. Akaingiza mkono wake kando ya wangu, akafuata njia ya waya mpaka mwisho. Aliponyanyuka alinipa mkono wenye glavu ya damu, nami nikaupokea. "Umefaulu," akasema. Nikalia palepale mbele ya ng'ombe, na sikujali nani ananiona.

Juzi nimefika Kabuku. Nilimwambia mama yote, kuanzia ini mpaka waya. Akasema, "Baba yako angekugombeza kwa uongo, halafu angechinja mbuzi." Leo asubuhi nikaenda buchani na kuwaeleza wale wazee wabishi mimi mwenyewe kwamba siku ile ulipowatangazia, nilikuwa nimefeli. Walilicheka sana lile ini. Mmoja wao akaniuliza kama kesho naweza kupita kumwangalia ndama wake anayeharisha. Nitakwenda alfajiri.

Pumzika, baba. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Kazi hii itanishinda siku nyingine, wanyama watanifia mikononi, nitakosea tena mbele za watu. Nakuahidi siku hiyo sitapiga simu ya uongo kwa mtu yeyote. Nitakuja hapa kaburini kwako, nikae chini, nikuambie: baba, leo nimefeli.

Mwanao,
Rehema